Mdogo Wangu, Leso na Maneno Yasiyopita Mdomoni

Wahenga walinena kuwa kinywa ni jumba la maneno. Methali hii nilifundishwa shuleni, nikaikariri, nikaitungia sentensi katika mtihani, na hata leo sina ugomvi nayo. Ila nyumbani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na mtoto ambaye maneno yake hayakukaa katika jumba hilo, na ilituchukua miaka minane kujua yalikokuwa yakikaa. Mtoto huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na ayasome makala haya kabla hayajachapishwa. Sharti la kwanza nimelitimiza. La pili nitalieleza mwishoni.

Baba yetu ni fundi wa cherehani. Tangu nipate akili nimemjua akiwa ameketi kwenye baraza ya duka moja la leso pale Biashara Street, ng'ambo ya Barabara ya Digo, mguu ukikanyaga na jicho likifuata pindo. Msomaji ambaye hajafika Mombasa aelewe kwamba leso, ambayo wenzetu wa kwingineko huiita kanga, haiuzwi moja moja. Huuzwa jozi, pande mbili zilizoungana, na mnunuzi akishalipa hutoka nje kwa fundi ili zikatwe na kupindwa. Kwa hivyo kila leso inayotoka dukani hupita kwanza mikononi mwa fundi kabla ya kufika kiunoni mwa mwenyewe.

Neno lenyewe, leso, tulilipata kwa Wareno, na maana yake ya asili ni kitambaa cha mkono, cha kujifutia. Husimuliwa kuwa katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga pamoja vikawa vazi. Maneno yaliongezwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kirumi. Kwa Mombasa, duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na ambalo leso zake hujulikana kwa chapa ya 'Mali ya Abdulla', ndilo linalotajwa sana katika habari hizo. Tangu hapo leso ikawa na sehemu tatu ambazo kila mtoto wa Biashara Street anazijua: pindo, mji na jina. Jina ndilo lile neno lililoandikwa, na kwa jina mwanamke humwambia mumewe, wifi yake au jirani yake jambo ambalo mdomo ungeona haya kulisema.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2001, nami nikiwa na umri wa miaka minne. Mama husema dalili zilianza kwenye titi. Mtoto hakuweza kukaza midomo, maziwa yakawa yanamtoka pembeni mwa kinywa na mara nyingine puani, na hapakuwa na mlo usiokuwa na kupaliwa. Alipofikia uji, bakuli dogo lilimchukua saa nzima. Udenda ulimtoka mchana kutwa, na mama alikuwa akikata leso zilizochakaa vipande vipande ili amfungie shingoni na kumfutia. Leso nyumbani mwetu ilikuwa imerudia kazi yake ya kwanza, na mimi nilikuwa bado sijasoma hata herufi moja ya asili ya maneno.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema kilimi kimerefuka, mtoto akakatwa kilimi na mzee aliyesifika kwa kazi hiyo. Wa pili alisema ulimi umefungwa, ukakatwa ule uzi ulio chini yake. Bibi, Mungu amrehemu, alimpeleka kusomewa, akaandikiwa na kombe, na ninakumbuka jinsi alivyomnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, huku machozi yakimtoka. Majirani, wengine kwa huruma na wengine kwa shere, walimwita bubu. Neno zezeta nalo nililisikia, likipita dirishani kutoka uchochoroni, na sikusahau sauti iliyolitamka.

Kusema kweli hakuwa bubu. Sauti alikuwa nayo na aliitumia. Alichokosa ni midomo ya kuibana sauti hiyo na ulimi wa kuikata. Kwa hivyo 'maji' ilikuwa 'a-i', na 'baba' na 'mama' zote mbili zilikuwa 'a-a'. Wanafunzi wenzangu wa fonolojia wataliona tatizo mara moja: maneno mawili yanayotofautishwa na konsonanti yamepoteza konsonanti zake. Mdogo wangu alilitatua mwenyewe kabla hajatimiza miaka minne. Baba alikuwa 'a-a' ya kushuka, na mama 'a-a' ya kupanda. Tunafunzwa kuwa Kiswahili si lugha ya toni, na ndivyo kilivyo. Lakini katika chumba chetu cha Kibokoni kilikuwa nazo mbili. Mimi nilikuwa 'aa' moja ndefu. Mimi nilikuwa dada.

Nilikuwa pia mkalimani wake. Wageni walipomwuliza jambo nilijibu mimi. Alipotoa sauti nilieleza maana yake kabla hajaimaliza, na mara nyingi nilipatia. Watu walinisifu kwa hilo, wakasema nina moyo. Nilizipenda sifa hizo. Sikuwa na akili ya kutambua kwamba mkalimani asiyemsubiri mwenye maneno hatimaye huwa anasema yake.

Mwaka 2008 baba alimpeleka katika shule moja ya msingi. Mwalimu aliyewapokea alimwuliza mtoto jina lake. Akalitaja, vokali tupu. Akaulizwa tena. Akalitaja tena, udenda ukadondoka juu ya meza. Mwalimu akamgeukia baba, akasema kwa upole kuwa pale ni mahali pa watoto wanaofundishika. Baba hakugombana. Alimshika mwanawe mkono wakarudi zao, na tangu siku hiyo mtoto akawa anashinda barazani Biashara Street, juu ya kigoda kando ya cherehani, akikusanya vipande vya nyuzi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi katika siku za mwisho za Ramadhani, mwaka 2009. Mtaa ulikuwa umefurika watu waliokuja kununua nguo za Idi, na mimi nilitumwa kumpelekea baba uzi. Bibi mmoja aliyevaa buibui alitaka leso yenye jina 'Japo sipati tamaa sikati'. Kijana wa dukani akaleta moja, siyo. Akaleta ya pili, siyo. Mdogo wangu akashuka kigodani, akaingia ndani, akachomoa jozi katikati ya rundo, akampa bibi yule. Ndiyo hasa.

Bibi akacheka. "Fundi," akasema, "mwanao yuwasoma!"

Baba alijibu kuwa huenda ameijua kwa rangi, maana hushinda nazo. Lakini neno lile lilimkaa. Alasiri, wateja walipopungua, alimwomba mwenye duka afungue robota lililoletwa asubuhi, ambamo mlikuwa na leso ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa amezitia machoni. Akachukua tatu, akazikunja namna ya kwamba yaliyobaki kuonekana ni majina tu, akazipanga mkekani. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na wapita njia, akasema:

"Nioneshe inayosema Mvumilivu hula mbivu."

Mtoto akaweka kidole.

"Nioneshe Wema hauozi."

Akaweka kidole. Baba akazichanganya, akauliza tena, kidole hakikukosea. Ya tatu hakuulizwa. Aliitazama, akamtazama baba, kisha akapitisha kidole chini ya herufi kutoka mwanzo hadi mwisho, huku akitoa sauti zake hafifu: 'e-i, o-o, e-e-i, a-o-e.' Leso ilikuwa imeandikwa 'Mgeni njoo mwenyeji apone'. Kila silabi iliyo na vokali aliipa vokali yake, hakuruka hata moja.

Baba ana mazoea ya kulisoma jina la kila leso kwa sauti kabla hajaikata, ili jozi zisimchanganyikie. Kwa muda mrefu alikuwa amesoma hivyo, mamia ya majina, na kando yake alikuwepo mtu mwenye macho mawili na masikio mawili mazima, akilinganisha sauti na herufi. Hakuna aliyemfundisha. Na hakuna aliyemwuliza.

Baba alivua kofia, akaishika mapajani. "Tumemkosea mtoto huyu," akasema. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikijigamba kwamba ninamjua kuliko watu wote, na sikuwahi hata siku moja kumfungulia kitabu. Furaha ya siku ile niliipata pamoja na aibu, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Baba hakurudi tena kwa yule mwalimu. Alikwenda kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vituo ambavyo vilianzishwa nchini mwetu mwaka 1984 lakini sisi hatukuwahi kuambiwa kuwa vipo. Kutoka hapo tulielekezwa hospitalini, na mwaka 2010 daktari wa neva alimkagua mdogo wangu kwa muda mrefu. Alimwambia apulize, pumzi ikatoka puani. Alimwambia atoe ulimi, ukasogea kidogo ukaishia nyuma ya meno. Alimgonga kidevu taratibu kwa nyundo ya mpira, taya likaruka. Kisha akatupa jina: ugonjwa wa Worster-Drought.

Cecil Charles Worster-Drought alikuwa daktari wa neva wa Uingereza aliyeieleza hali hii katika mwaka 1956. Ni aina moja ya mtindio wa ubongo, tena isiyojulikana sana hata miongoni mwa waganga. Ile tuliyoizoea hukamata miguu na mikono. Hii hukamata zaidi midomo, ulimi, kaakaa laini na koo. Misuli yenyewe ni mizima. Neva zinazoifikia pia ni nzima. Kasoro iko juu zaidi, katika gamba la ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, mahali zinapotoka amri za kuusogeza uso na kinywa. Picha za ubongo za baadhi ya watoto huonesha kuwa mikunjo ya sehemu hiyo haikuumbika vyema mtoto angali tumboni. Picha za wengine hazioneshi kitu. Hali hii haiambukizi, wala haizidi kadiri mtoto anavyokua. Wapo wengi ambao pamoja nayo hupata kifafa, ugumu wa kujifunza au uzito wa viungo. Mwaka 2000 madaktari wa London walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto 47 wenye hali hii, na jambo moja lililojitokeza ni kwamba watoto hawa hutambuliwa wakiwa wamechelewa, ingawa shida ya kula huanza wangali wachanga. Niliposoma hivyo, miaka mingi baadaye, niliona kuwa kumbe si Kibokoni tu.

Isichanganywe na ile hali nyingine iliyopewa jina la daktari wa Ujerumani, Möbius, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Huko ni neva za uso zenyewe ambazo hazikukua, na mtoto huzaliwa na uso usioweza kukunjuka kwa jambo lolote. Kwa mdogo wangu mambo ni ya ajabu zaidi. Ukimwambia, "Hebu tabasamu," uso hautii. Lakini paka akiteleza kutoka ukutani, au baba akijichoma sindano na kutoa lile tusi lake la siku zote, uso mzima hufunguka akacheka kama watu wote. Daktari alitueleza kwamba amri ya makusudi na amri ya hisia hufuata njia mbalimbali ubongoni, na kuwa kwa baadhi ya watu wenye kasoro za namna hii njia ya pili hubaki wazi.

Baba alisikiliza maelezo hayo yote, kisha akayatafsiri kwa lugha ya barazani. "Sindano nzima, uzi mzima, mguu wakanyaga," akamwambia mama. "Mkanda ndio uliolegea." Sijasikia maelezo bora zaidi, na nimeyatumia kwa watu wenye shahada.

Mdogo wangu aliingia darasa la kwanza mwaka huo wa 2010, akiwa na umri wa miaka tisa, katika shule nyingine. Mama alifundishwa namna ya kumweka wakati wa kula ili asipaliwe, na mazoezi kidogo ya kumsaidia kumeza udenda. Usemi haukufunguka, na daktari hakutuahidi kuwa ungefunguka. Ila alianza kuandika, na nyumba yetu ikapata kujua kuwa ana mzaha, kuwa hapendi mbaazi, na kuwa miaka yote ile nilikuwa nikimtafsiri vibaya kuhusu rangi ya shati aitakayo. Mwaka 2017 alifanya mtihani wa darasa la nane, mtihani ambao kwa bahati haukumdai mdomo. Baada ya hapo macho ya baba yalianza kupungua nuru, na mdogo wangu akachagua mwenyewe kukalia kiti cha cherehani. Mikono yake ni mizito kidogo, lakini mshono wake ni mnyoofu.

Mwaka huo huo nilikuwa katika darasa la fonetiki chuoni. Mwalimu alituchorea ubaoni ala za sauti, akatuambia tukutanishe midomo tutamke m, kisha p, kisha b. Ukumbi mzima ukavuma kama mzinga wa nyuki. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikihesabu sauti ambazo mdogo wangu hana: m, p, b na w kwa ajili ya midomo, f na v kwa ajili ya mdomo na meno, t, d, l, r, s kwa ajili ya ncha ya ulimi. Nilipomaliza, jedwali lilikuwa karibu tupu. Nami nilijua kwa yakini kwamba mwenye jedwali lile tupu anajua ngeli, anajua mnyambuliko wa vitenzi, anajua kejeli, na anajua majina ya leso zaidi ya profesa yeyote. Tulikuwa tumefundishwa wiki ya kwanza kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Niliandika ufafanuzi huo kwa sababu ulikuwa utatahiniwa, lakini pembeni mwa daftari niliweka alama ya kuuliza.

Ungedhani basi kuwa mtu aliyeyaona hayo yote angekuwa ameshajifunza. Nisikilizeni.

Mwaka 2019 mdogo wangu alitimiza miaka kumi na minane, nikamsindikiza kuchukua kitambulisho. Afisa aliyetuhudumia alitaka kumpiga picha. "Mwambie afunge mdomo," akaniambia. Akaniambia mimi, na mdogo wangu yuko mbele yake. Nikaeleza kuwa hawezi kuufunga kwa kuamriwa. Afisa akaona tunamfanyia mchezo. Tukakaa hapo hadi mdogo wangu alipoinamisha kichwa akakiinua, midomo ikakutana kwa nukta moja, picha ikapigwa. Kisha yakaja maswali: jina la baba, mahali pa kuzaliwa, kata, mtaa. Nikajibu yote haraka haraka, kwa kuwa nyuma yetu palikuwa na foleni na macho ya watu.

"Kazi yake?"

"Hana kazi," nikasema.

Nilihisi mkono ukinivuta kanzu. Mdogo wangu alikuwa ametoa daftari lake mfukoni na kalamu. Aliandika polepole, akang'oa karatasi, hakunipa mimi, akampa afisa. Iliandikwa: 'Mimi ni fundi.'

Afisa aliisoma. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Fundi wa nini, kijana?" akauliza, na safari hii hakuniuliza mimi. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikawaacha.

Njiani kurudi sikuweza kusema neno. Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Yule mwalimu wa mwaka 2008 alimwondolea mtoto nafasi ya darasani; mimi, niliyempenda, nilimwondolea kazi yake kwa maneno mawili, tena katika kumbukumbu za serikali. Na nilifanya hivyo kwa Kiswahili sanifu.

Ndiyo sababu nikaamua kuandika makala haya katika jarida letu. Sisi ni watu wa lugha, na lugha yetu bado haijajua imwite nini mdogo wangu. Si bubu, kwa kuwa hutoa sauti. Si kiziwi, kwa kuwa husikia mpaka mnong'ono. Si mwenye kigugumizi. Tumekuwa tukijadiliana darasani kuhusu kipofu, kiziwi, kiwete na kibogoyo, majina yenye umbo la KI-VI lakini yanayochukua upatanisho wa A-WA, na kuhusu iwapo umbo hilo linamshusha mtu hadhi au ni sarufi tu. Ni mjadala mzuri. Lakini Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, imeutoa nje ya darasa: kifungu cha 54 kinasema kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kuita na kutaja ni kazi yetu sisi. Nani ataunda istilahi hizo kama si wanaosoma Kiswahili?

Isitoshe, kuna kazi ya mikono. Mdogo wangu ana daftari na simu, na anasoma. Yuko mtoto mwingine leo katika uchochoro fulani ambaye angehitaji ubao wa picha na maneno ya kuonesha kwa kidole, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao: nataka maji, inauma, sitaki, dada ngoja. Kuchagua maneno mia ya kwanza ya ubao kama huo ni utafiti wa isimu, na ninaamini wanachama wa chama hiki wanauweza. Na kwa wale watakaokwenda kufundisha: akija mtoto anayetaja jina lake kwa vokali tupu, msimgeukie babake. Mpeni kitu cha kusoma kwanza.

Leo mdogo wangu yuko barazani pale pale. Baba huketi kando yake na kumsomea majina, ingawa hahitaji kusomewa. Wateja wapya husema fundi huyu ana uso mkavu, hasalimu kwa tabasamu. Wengine hudhani hasikii, wakapaza sauti hadi upande wa pili wa barabara. Kwa sababu hiyo amebandika karatasi kwenye meza ya cherehani, kwa herufi kubwa kama za leso: 'NASIKIA VIZURI. USIPIGE KELELE.' Akina mama huisoma, wakacheka, wakashusha sauti, na wengine hurudi kwake makusudi.

Nilimpelekea rasimu ya makala haya kama nilivyoahidi. Nilikuwa na hofu, hasa ya ile sehemu ya kitambulisho. Alikaa nayo siku mbili, kisha akairudisha ikiwa na alama moja tu ya wino mwekundu. Haikuwa katika habari ya shule, wala ya afisa, wala ya aibu yangu. Ilikuwa katika aya ya pili, ambapo nilikuwa nimeandika kuwa jozi ya leso hupindwa na kukatwa. Alikuwa ameyapigia mstari maneno hayo mawili, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake mnyoofu: 'Dada, hukatwa kwanza.'

Nimesahihisha.